Mteja ameniita tapeli mbele ya wafuasi wangu: nifute, nimjibu au niende polisi?

*"Nauza viatu vya kike Instagram na WhatsApp. Niko Dar, mzigo nachukua Kariakoo, mikoani natuma kwa basi. Mwezi wa kwanza dada mmoja wa Mwanza alilipia pea ya namba 39, elfu 45, pamoja na nauli ya mzigo jumla ikawa 52,000. Mzigo ulichelewa siku tatu. Alipoupata akasema kiatu kinambana, anataka hela yake. Wakati huo nilikuwa msibani Korogwe, simu hata sikuwa naishika. Niliporudi nikakuta ameandika chini ya posti yangu iliyopendwa kuliko zote: 'HUYU TAPELI MSITUME HELA', na picha ya muamala ameweka. Nikafuta, nikambloku. Kesho yake akaniandika kwenye kundi kubwa la akina mama Facebook, na kule Google nikakuta maoni mawili ya nyota moja moja, la kwake na la mtu ambaye simjui kabisa. Tangu hapo oda zimeshuka. Binamu yangu anasema niweke chati zetu na namba yake hadharani ili watu wamjue. Kuna kijana anauza komenti nzuri, hamsini kwa bei poa. Mwingine ananiambia niende polisi, kuchafuana mtandaoni ni kosa. Mimi si tapeli. Nifanye nini?"*

Pole kwa msiba dada yangu, na pole kwa kutoka msibani ukakutana na hili. Naamini kabisa kwamba si tapeli. Tapeli haumizwi na neno hilo kiasi cha kuandika barua ndefu hivi, anafungua ukurasa mwingine na kuendelea.

Lakini jiweke kwa dakika chache upande wa huyo dada wa Mwanza. Ametuma 52,000 kwenye namba ya mtu ambaye hajawahi kumwona. Mzigo haujafika siku uliyomwambia. Umefika, haumtoshi. Anaandika, hajibiwi. Anapiga, simu haipokelewi. Anaandika hadharani kwa hasira, na jambo la kwanza analopata kutoka kwako tangu alalamike ni kuona komenti yake imefutwa na yeye mwenyewe kafungiwa. Msiba haujui. Kwa ushahidi alionao mkononi, wewe na tapeli hamna tofauti hata moja, maana tapeli naye huanza na picha nzuri, hupokea hela, hunyamaza, kisha hubloku.

Hapo ndipo shida yako ilipo, na nakuomba usiiruke haraka. Kiatu kubana ni lalamiko la kawaida, linaisha kwa kubadilishiwa. Neno "tapeli" lilizaliwa na ukimya, na kumbloku kukalikomaza. Angekuwa amenunua dukani Mtaa wa Congo, angerudi na mfuko wake, angepiga kelele mbele ya wateja wengine na mngemalizana palepale. Kwenye biashara ya mtandaoni mnunuzi hutangulia kutoa hela na hana pa kurudi, hivyo sehemu ya komenti ndiyo mahali pekee anapoweza kusimama. Ukimfungia pale, anatafuta pengine, na pengine huko wewe huna mamlaka ya kufuta. Kundi la Facebook lina wasimamizi wake. Maoni ya Google mwenye biashara hawezi kuyafuta hata akitaka. Ana uwezo wa kujibu tu, au kuripoti yale yanayovunja kanuni.

Sisemi kwamba kufuta ni marufuku. Futa matusi, maneno ya kikabila au ya dini, namba za simu za watu, matangazo ya mikopo yanayojazana chini ya posti. Lalamiko la mtu aliyelipa usilifute, hata kama limeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Wapo waliolisoma kabla hujalifuta, na wao ndio sasa wanajiuliza lilikwenda wapi.

Kuna dhana nyingine naiona katikati ya maneno yako, kwamba ukurasa safi ni ule usio na doa. Wanunuzi hawasomi hivyo. Mwaka 2017 kituo cha utafiti cha Spiegel katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilichambua maoni ya wateja kwenye maduka ya mtandaoni. Kikakuta kwamba uwezekano wa mtu kununua hufika kileleni wastani wa nyota unapokuwa kati ya 4.0 na 4.7, kisha huanza kushuka kadiri unavyoikaribia 5. Maduka yale si yetu, lakini fikiria unavyofanya wewe mwenyewe ukitaka kununua kitu. Ukikuta ukurasa wenye "mashallah nimepokea" mia mbili mfululizo, bila hata mtu mmoja kusema rangi ilikuwa tofauti kidogo na picha, unaanza kunusa jambo. Halafu unatafuta lalamiko ili uone mwenye duka alifanya nini.

Kwa hiyo jibu lako utakaloandika hadharani, dada wa Mwanza ni msomaji mmoja tu. Wengine ni watu ambao hawajawahi kukuandikia, wameshika hela zao, wanataka kujua: nikipata shida, huyu mtu atapokea simu? Andika ukiwafikiria hao.

Ila kabla ya kuandika chochote, mfungulie huyo dada na umpigie. Usimtumie ujumbe, mpigie. Asubuhi, ukiwa umetulia, na ukiwa na namba ya mzigo pamoja na tarehe karibu yako. Mwache amalize hasira yake bila kumkatiza. Mwambie ulikuwa msibani, sentensi moja inatosha, kwa sababu ukiirefusha itasikika kama kisingizio. Mwambie kumbloku ulikosea. Halafu mpe chaguo mbili zilizo wazi: pea nyingine inayomtosha, au hela yake yote.

Nasema yote, 52,000 pamoja na nauli, na nauli ya kurudisha kiatu ulipe wewe. Najua inauma. Kwa lalamiko jingine ningeweza kukushauri mgawane gharama, kwa mfano mteja aliyeoneshwa vipimo sahihi akachagua vibaya mwenyewe. Huyu hakupata jibu alipolihitaji, na sidhani kama ulimpa vipimo, kwani hukuvitaja popote. Pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kama ulisema 39 na mguu wa 39 hauingii, mwenye deni ni wewe. Kiatu kikirudi kikiwa kizima utakiuza tena, kwa hiyo hasara yako halisi ni nauli za basi.

Usimwambie: "Nakurudishia ila ufute kwanza." Google inakataza kumpa mtu kitu ili abadilishe au aondoe maoni yake, lakini hata pasipo kanuni, sharti hilo litakugeuka. Atapiga skrinshoti, na lile kundi la akina mama litapata sehemu ya pili ya hadithi: sasa ananihonga ninyamaze. Rudisha hela, mshukuru, nyamaza. Wengine hurudi wenyewe kuandika kwamba yameisha. Wengine hawarudi, na huwezi kuwalazimisha.

Ukishamalizana naye, jibu hadharani mara moja kule Google, na mara moja kwenye kundi kama wasimamizi wanaruhusu. Tafadhali usiandike lile jibu la kibenki, "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Halisemi kitu na watu wamelichoka. Andika kitu cha aina hii:

*"Ni kweli, mzigo huu ulichelewa siku tatu na kiatu hakikumtosha mteja. Alipolalamika sikumjibu kwa wakati, kisha nikafuta komenti yake na kumfungia. Hilo halikuwa sawa na nimemwomba radhi kwa simu. Nimemrudishia hela yote leo pamoja na nauli. Kuanzia sasa kila kiatu nitaweka vipimo vya sentimita kabla ya kupokea malipo. Mwenye oda ambayo haijakaa sawa anipigie kwenye namba iliyo juu ya ukurasa."*

Tazama visivyokuwemo. Jina la mteja halimo, msiba haumo, na hakuna anayebishiwa kuhusu neno "tapeli". Anayesoma "nimemrudishia hela yote leo" hahitaji umwambie wewe si tapeli. Baada ya hapo watakuja wachochezi, "hawa wote ndivyo walivyo", "bora umeumbuka". Usiwajibu. Ukianza kujibizana nao, jibu lako zuri linazama chini ya majibizano ambayo kila mtu atayasoma kwa raha zake.

Kujibu kuna faida nyingine ambayo wauzaji wengi hawaifikirii. Watafiti wawili, Davide Proserpio na Georgios Zervas, walifuatilia hoteli zilizoanza kujibu maoni ya wageni kwenye TripAdvisor, na mwaka 2017 wakachapisha walichokiona. Hoteli zilipata maoni mengi zaidi kwa asilimia 12, na wastani wa nyota ukapanda kwa 0.12. Kinachonivutia mimi ni maelezo yao ya kwa nini. Mtu anayejua kwamba mwenyeji anasoma na atajibu mbele za watu huona uzito kurusha lawama nyepesi isiyo na msingi. Malalamiko yanayobaki huwa machache, marefu, yenye maelezo, ya kweli. Yaani yale ambayo yanakufaa.

Sasa huyo wa pili wa nyota moja, usiyemjua. Usikimbilie kusema ni mshindani wako. Pekua kwanza miamala, kwa sababu huku kwetu jina la aliyelipa na jina la aliyevaa kiatu mara nyingi ni watu tofauti. Mume kalipa kwa simu yake, dada kaagiza, kiatu ni cha mama. Usipomwona, jibu kwa upole: "Sioni oda kwa jina hili. Kama ulinunua kwa jina jingine naomba unitumie namba ya muamala nifuatilie." Kisha liripoti kwa Google kama maoni ya mtu asiyekuwa mteja. Wanaweza kuliondoa, wanaweza wasiliondoe. Jibu lako litakuwepo vyovyote vile.

Ushauri wa binamu yako uukatae kabisa. Namba ya simu ya mteja, jina lake, mahali anapoishi na mazungumzo yenu ni taarifa alizokupa ili umtumie kiatu, hakukupa uzianike. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume inayopokea malalamiko. Leo huyo dada ana lalamiko la kiatu tu. Ukianika namba yake, watu wakaanza kumpigia usiku kumtukana, atakuwa na kesi ya kweli dhidi yako. Na wateja wako wengine wote watajua kwamba siku wakikosana nawe, namba zao ndizo zitakazofuata.

Yule kijana wa komenti hamsini hata asikupotezee muda. Uingereza imepiga marufuku maoni bandia tangu Aprili 2025, Marekani ilitunga kanuni iliyoanza Oktoba 2024. Hapa kwetu kinachokuumbua haraka kuliko sheria ni wasomaji. Akaunti hamsini zisizo na picha, zote zimeandika wiki moja, "huduma nzuri sana 👌", wakati kundi zima linajadili jina lako? Tena utakuwa umempa mtu usiyemjua siri ya kukushika nayo. Akiishiwa atarudi.

Kuhusu polisi, nitakueleza ninavyolielewa, na wakili atakueleza vizuri kuliko mimi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamlenga anayechapisha jambo akijua kwamba ni la uongo au la kupotosha, kwa nia ya kuchafua, kutisha au kudanganya watu. Huyu dada alilipa kweli, alikosa majibu kweli, alifungiwa kweli. Aliyaamini aliyoyaandika. Ukifika kituoni, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama hela yake umerudisha. Na habari kwamba muuzaji amempeleka mteja polisi kwa sababu ya kiatu itatembea mbali kuliko ile komenti.

Kuna mahali ambapo ningekwambia uache kunisoma na uende ukaonane na mtu ana kwa ana. Mtu akikutumia ujumbe kwamba ulipe kiasi fulani la sivyo anakuandika vibaya, huo ni utishaji wa kujipatia fedha, usilipe, nenda polisi na ushahidi. Mtu akifungua akaunti yenye jina na picha zako akapokea hela za watu, nenda polisi siku hiyohiyo na uweke tangazo kwenye ukurasa wako. Ukishamrudishia mteja hela na bado mtu akaendelea kwa wiki kadhaa kukuzushia mambo mahususi ya uongo, kwamba unauza viatu vya wizi, kwamba umefungwa, tafuta wakili. Barua moja ya wakili huwa inatosha. Kwa yote haya weka ushahidi kabla haujafutwa: skrinshoti inayoonesha tarehe na jina la akaunti, na kiungo cha posti yenyewe. Picha iliyokatwakatwa haimsaidii wakili.

Nirudi kwenye kiatu, maana hapo ndipo lalamiko linalofuata litakapotokea.

Viatu vingi unavyochukua Kariakoo vimetoka China, na kule kipimo rasmi ni urefu wa mguu kwa milimita. Inua ulimi wa kiatu cha kamba au angalia ubavuni mwa boksi, utakuta 240, 245, 250. Kwa kawaida 245 huhesabiwa kuwa 39, lakini kiwanda hiki na kile havilingani, na kiatu chembamba cha mbele kilichochongoka hubana hata kama urefu ni sahihi. Mteja wa Mwanza anajua yeye ni 39 kwa sababu ndala zake zimeandikwa 39. Hiyo haitoshi kumuuzia kiatu cha kufunika vidole.

Chomoa soli ya ndani, ile inayotoka, ilaze juu ya meza, weka pembeni futi ya fundi cherehani, piga picha kutoka juu. Kwa kiatu kisichotoka soli, ingiza futi ndani mpaka mwisho. Iweke picha hiyo iwe ya mwisho kwenye kila posti. Mteja akiagiza, mwambie akanyage karatasi, achore kisigino na kidole kirefu, apime katikati yake kwa rula. Mguu wa sentimita 24.5 unahitaji soli iliyozidi kidogo, hasa kama mbele kumechongoka. Itakupunguzia oda chache za haraka na malalamiko mengi.

Andika pia, kabla mtu hajalipa, utafanya nini kiatu kisipotosha: siku ngapi za kurudisha, nauli ya nani, hela au kubadilishiwa. Sentensi mbili. Zibandike juu ya ukurasa na uzitume kwenye WhatsApp pamoja na namba ya malipo. Na ile WhatsApp ya biashara ina ujumbe wa kutokuwepo unaojituma wenyewe. Siku ya msiba mwingine, Mungu apishe mbali, weka: "Nina dharura ya kifamilia, nitajibu Jumatatu. Kwa mzigo uliokwisha kulipwa mpigie fulani." Weka namba ya mtu mwenye daftari lako la oda. Hii peke yake ingekuokoa mwezi wa kwanza.

Ukitaka maoni mazuri ya kweli, yaombe kwa kila mtu siku moja au mbili baada ya kuchukua mzigo, si kwa wale tu waliokusifia. Uliza swali linalojibika: kiatu kimekutosha ulivyotarajia? Jibu la "kimetosha ila kisigino kigumu kidogo siku ya kwanza" litakuuzia pea nyingi kuliko moyo mwekundu.

Umesema oda zimeshuka tangu hapo. Inawezekana ni ile komenti. Lakini jambo hili limetokea Januari, mwezi wa ada, sare na madaftari, ambapo viatu vya kike vya elfu 45 havina mpango kwenye nyumba nyingi. Fungua miamala ya Januari ya mwaka jana, linganisha. Kama kushuka ni kulekule, usishushe bei kwa hofu, maana hilo nalo wateja huliona.

Asipopokea simu yako, na anaweza asiipokee, usimwandame. Rudisha 52,000 kwenye namba ileile iliyolipa, kisha mtumie ujumbe mfupi: hela yako yote hiyo hapo, samahani kwa kukunyamazia, kiatu ukipenda kiache ofisi ya basi ileile, nauli nitalipia huku. Hifadhi ujumbe wa muamala. Halafu ndipo uende Google ukaandike jibu lako, ukiacha ile sentensi ya kumwomba radhi kwa simu, maana hamjaongea.